Fundi Saa na Bustani ya Kivulini

Fundi Saa hakuwa na gari. Hakuwa na baiskeli pia, kwa sababu ile aliyokuwa nayo aliiazima shemeji yake, na shemeji akahama nayo. Hakuwa na pensheni. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na nywele za kumpa kinyozi kazi, ingawa duka la Kinyozi lilikuwa ukuta kwa ukuta na lake. Hakuwa na subira, hasa kwa mtu aliyechelewa. Na nyuma ya nyumba yake hakuwa na jua.

Hayo mengine alikwisha kuyazoea. La jua ndilo lililomnyima raha. Bila jua hakuwa na ua hata moja, na mke wake alitaka ua.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilitazama barabara, nacho kilikuwa karakana. Palikuwa na meza moja, taa ya kuinamisha, lenzi ya kuvaa jichoni, na saa arobaini na moja ukutani. Cha nyuma kilikuwa chumba cha kulala. Kilikuwa na dirisha moja tu, na dirisha hilo lilitazama uwanja mdogo, hatua kumi na mbili kwa urefu na saba kwa upana. Upande mmoja ulisimama ukuta wa jengo la ghorofa tatu. Upande wa pili ulisimama mkungu wa jirani, mti mkubwa wenye majani mapana kama sahani. Matawi yake yalivuka ukuta na kuufunika uwanja wote.

Mke wa Fundi Saa alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na minane. Kisha siku moja aliteleza kwenye sakafu ya jikoni iliyolowa, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini mwendo haukurudi kama zamani. Sasa alitembea kwa gongo, kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani.

"Nilikuwa napikia watoto mia tano kwa siku," alisema. "Sasa nakaa hapa natazama udongo mtupu, kama nangoja uive."

Si kwamba mumewe hakujaribu. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, Fundi Saa alishika ufagio. Alifagia kila jani lililoanguka kutoka kwenye mkungu. Alifagia hadi uwanja ukang'aa, na alama za ufagio zikabaki kama mistari ya daftari. Saa kumi na mbili na robo alimwaga ndoo mbili za maji juu ya mche wa waridi. Mche huo aliununua sokoni, ukiwa na ua lake tayari. Baada ya wiki mbili ua lilipukutika, majani yakageuka manjano, shina likawa jeusi.

Huo ulikuwa mche wa nne. Mitatu ya kwanza ilikufa vivyo hivyo.

Siku alipoung'oa, Kinyozi alichungulia juu ya ukuta.

"Fundi, mazishi ni saa ngapi leo?"

"Wewe kata nywele za watu."

"Nauliza tu, nifunge duka mapema nije kuzika."

Jioni hiyo ilikuja barua kutoka kwa binti yao, aliyekuwa mwalimu katika mji mwingine. Simu alipiga kila wiki. Lakini mambo mazito aliyaandika, kwa sababu alijua baba yake husikiliza simu huku akitazama saa. Mama aliisoma kwa sauti.

"Mama, hapa kwangu kuna chumba. Kina madirisha mawili na jua la asubuhi. Sipendi kukuwaza umekaa mchana kutwa unatazama ukuta na vumbi. Njoo ukae na sisi. Nipe jibu."

Fundi Saa alikohoa. "Na mimi?"

"Wewe hukutajwa," alisema mkewe. "Wewe una saa zako arobaini na moja. Utawaachia nani wateja wako?"

"Unataka kwenda, bibie?"

Mkewe aliikunja barua mara mbili. Alikuwa mtu wa utani, lakini safari hii hakutabasamu.

"Mzee, nimeolewa nawe miaka arobaini. Sitaki kuondoka. Lakini nimechoka kutazama udongo. Nitamwandikia mtoto angoje hadi mvua za mwaka ujao. Mvua hizo zikinyesha, nikaona pale nje maua yanayoishi, nabaki. Nikiona udongo, nafunga sanduku."

Fundi Saa alirudi karakana. Saa zote arobaini na moja zilikuwa zinagonga. Kwa mara ya kwanza zilimkera.

*

Siku tatu baadaye aliingia mama mmoja mfupi, amevaa buti za mpira zenye tope. Alibeba saa ya ukutani kwapani. Alikuwa msimamizi wa kitalu cha miche cha mji, na watu wote walimwita Mama Kitalu.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Saa inaumwa nini?"

"Inachelewa kila siku dakika kumi. Nadhani imejifunza kwa wafanyakazi wangu."

Fundi Saa aliifungua. Alipokuwa akisafisha magurudumu yake madogo, moyo wake haukutulia.

"Mama, wewe ni mtu wa mimea. Hivi waridi nilimwagilie ndoo ngapi ndipo lisife?"

"Sijui. Nionyeshe unapolipanda."

Walipita chumbani. Mama Kitalu akamsalimu mwenye nyumba, akatoka uwanjani. Alitazama juu, akatazama chini. Alipiga kisigino ardhini, na ardhi ikalia ko, ko, kama mlango.

"Fundi, hapa unafagia au unapiga deki?"

"Huo ni usafi, mama. Uwanja usiofagiwa ni aibu ya mwenye nyumba."

"Huu udongo umeuvua nguo. Kila asubuhi unamvua mtu nguo, halafu unammwagia ndoo mbili za maji. Ataacha kufa?"

Dirishani mama mwenye nyumba alicheka hadi akashika nyonga yake. "Mwambie, mwenzangu. Mimi nimesema mpaka nimenyamaza."

Mama Kitalu akaendelea. "Nikuulize wewe. Mtu akikuletea saa ya mkononi, utaitia gurudumu la saa ya ukutani?"

"Mimi si mwendawazimu."

"Waridi ni mtoto wa jua. Linataka jua saa sita kwa siku. Hapa kwako jua linaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi?"

Fundi Saa aliinua macho kwenye matawi. Alijua muda wa kila kitu. Alijua Kinyozi hufungua duka saa mbili na dakika nane, ingawa ameandika saa mbili. Lakini jua la uwanja wake mwenyewe hakuwahi kulipima.

"Basi anzia hapo," alisema Mama Kitalu. "Kesho usifagie. Chukua vijiti. Kila baada ya saa moja, angalia jua limegusa wapi, uchome kijiti. Kabla ya kuchagua mmea, jua kwanza mwanga ulio nao."

Kesho yake duka la saa lilikuwa na kibao: Nipo nyuma. Fundi alichoma vijiti, mkewe dirishani akaandika. Ilipofika jioni walikuwa na majibu. Karibu na bomba la maji, pembeni, jua halikufika kabisa. Katikati lilifika saa tano na nusu, likaondoka saa saba kasoro dakika ishirini. Chini ya ukuta wa ghorofa yalipita madoa madoa tu ya mwanga, kupitia majani ya mkungu.

"Saa moja na dakika kumi," alisema Fundi Saa. "Hilo ndilo jua letu lote."

"Na wewe ulitaka waridi lile nini?" aliuliza mkewe.

Mama Kitalu aliporudi kuchukua saa yake, alimpa kazi ya pili. Alimwambia achimbe shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, alijaze maji, kisha apime yanachukua muda gani kuzama. Fundi alimwaga maji saa mbili asubuhi. Saa sita mchana yalikuwa bado yanamtazama.

"Ndiyo maana mizizi ilioza," alisema Mama Kitalu. "Udongo umegandamana. Maji hayashuki, hewa haiingii. Huku juu unaona mmea umekauka, unadhani una kiu, unaongeza maji. Kumbe chini unazama."

Fundi Saa aliona uchungu. "Kwa hiyo miche minne niliiua mwenyewe."

"Uliiua kwa mapenzi. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Wewe umewahi kuingia msituni?"

"Zamani."

"Chini ya ile miti mikubwa, nani anafagia? Nani anapita na ndoo? Na bado maua yapo. Hiyo ndiyo mimea ya asili ya hapa kwetu. Imezaliwa kivulini, na mababu zake walizaliwa kivulini. Tena si ya kupanda leo na kutupa kesho. Inadumu. Juu inaweza kukauka, chini iko hai, na msimu ukifika inarudi yenyewe, mwaka hadi mwaka."

"Basi nikaichimbe huko msituni."

"Hapo utakuwa mwizi. Kila mtu akichimba mmoja, msitu utabaki na mashimo. Kitaluni tunazalisha wenyewe. Andaa udongo. Mvua zikianza, njoo."

*

Walikuwa na miezi miwili kabla ya mvua. Fundi Saa alilegeza udongo kwa uma wa bustani. Palipokuwa na mizizi minene ya mkungu hakukata. Aliizunguka, akatengeneza mifuko ya udongo laini katikati yake, kwa sababu Mama Kitalu alimwonya kwamba mti ukikatwa mizizi huweza kufa au kuanguka, na huo ulikuwa mti wa mtu. Kwenye pembe alilundika majani makavu na maganda ya jikoni. Alilowesha lundo, akaligeuza kila wiki. Mwishoni likawa jeusi na laini, likanuka kama udongo baada ya mvua. Hiyo mbolea aliichanganya na udongo wote.

Alipima tena shimo la maji. Safari hii maji yalizama kwa dakika ishirini na tano.

"Andika, bibie," alisema. "Ishirini na tano."

"Nimeandika. Na nimeandika pia kwamba umetabasamu."

Mvua zilipoanza alikwenda kitaluni. Mama Kitalu alimpa mimea ya aina tatu, akaja naye nyumbani kumwonyesha kupanda. Jina la kitaalamu la kila mmoja aliliandika kwenye kibao, lakini nyumbani mke wa fundi aliipa majina yake mwenyewe.

Wa kwanza alikuja kama vitunguu saba, kila kimoja na majani mawili matatu. "Hiki kitatoa ua moja la duara, jekundu, kubwa kuliko ngumi mbili," alisema Mama Kitalu. "Panda kivulini, shingo yake ibaki usawa wa udongo. Mwaka huu kitakupa majani tu. Ua ni mwakani."

Mke wa fundi alikigeuzageuza kitunguu mkononi kwa jicho la mpishi.

"Hiki si cha jikoni, mwenzangu," alisema Mama Kitalu. "Kina sumu. Usikionje, na unawe mikono ukishakigusa. Kiweke mbali na watoto na mbuzi."

"Nilikuwa nawaza kitoweo tayari," alikiri yule mama, akakirudisha. Akakiita Mpira.

Wa pili alikuwa na mashina laini yenye maji na maua ya rangi ya waridi. Ganda lake la mbegu likikomaa, ukiligusa linapasuka na kurusha mbegu. Huyu akaitwa Kicheko. Alipandwa karibu na bomba, kwenye unyevu. Wa tatu alikuja kama vipandikizi, vijiti vya kuchomeka tu, na majani yake yalinukia. Maua yake ya buluu hupangana wima kama mshumaa. Basi akaitwa Mshumaa, akawekwa nyuma, chini ya ukuta, kwa kuwa ndiye mrefu.

"Sasa maji," alisema Mama Kitalu. "Usimwagilie kwa saa."

"Nimwagilie kwa nini, kama si kwa saa?"

"Kwa kidole. Kitie udongoni hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, acha. Kukiwa kukavu, mwagilia taratibu. Na majani ya mkungu yakianguka, yaache. Tandaza unene wa vidole vinne, ila usiyabananishe na mashina. Hilo ndilo blanketi lao."

Fundi Saa aliinama, akatia kidole. Goti lake lililia.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema mkewe dirishani.

*

Kwa miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Kisha Fundi Saa aliharibu.

Ilikuwa hivi. Mkungu ulipukutisha majani mengi, mekundu na ya kahawia, yakafunika uwanja mzima. Kwenye duka la Kinyozi mteja mmoja alichungulia ukutani akasema, "Yule mzee wa saa siku hizi amechoka. Hata kufagia hawezi." Hakujua kwamba mwenyewe yuko upande wa pili, ameinama, kidole kimo udongoni.

Maneno hayo yalimchoma. Alikuwa mtu msafi tangu ujana wake. Kesho yake, saa kumi na mbili kamili, mikono yake ikaenda yenyewe kwenye ufagio. Alifagia kwa hasira. Vipandikizi vya Mshumaa vilivunjika, mashina laini ya Kicheko yakakatika. Akayachoma majani yote pembeni.

Mkewe aliamshwa na moshi. Alijikokota hadi dirishani, akautazama uwanja. Ulikuwa unang'aa.

"Umefurahi?" aliuliza.

Fundi Saa aliuegemeza ufagio ukutani.

"Basi nitamwandikia mtoto asihangaike kungoja."

Alipopewa habari, Mama Kitalu alikuja na buti zake. Alichutama, akatazama visiki vilivyobaki.

"Ndugu yangu," alisema, "umefagia blanketi na mtoto akiwa ndani."

"Najua. Nitukane, nistarehe."

"Matusi hayaoti. Mizizi ya hivi visiki bado ipo. Vitunguu havijaguswa. Ukiwahi kuufunika udongo kabla jua la kiangazi halijaukausha, vitapona. Lakini majani yako umeyachoma. Utayatoa wapi?"

Hapo ndipo mtaa ulipoona kioja. Fundi Saa, mtu aliyejulikana kwa usafi barabara nzima, alizunguka na gunia akiomba takataka za watu.

"Naomba majani yako," alimwambia Dobi, aliyekuwa anafagia mbele ya duka lake.

"Haya machafu?"

"Hayo hayo. Ila usinichanganyie plastiki, mimi nachagua."

Dobi alimtazama kwa huruma, akampa. Kinyozi alitoka mlangoni na mkasi mkononi.

"Fundi, siku hizi unakusanya taka?"

"Nakusanya nguo."

"Za nani?"

"Za udongo. Niliuvua mimi, nauvika mimi."

"Na maua yenyewe lini? Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Haraka haraka ndiyo iliyonifikisha hapa," alisema Fundi Saa, akaweka gunia begani. Yalijaa magunia sita. Aliyatandaza kwa mikono, taratibu, kama mtu anayerudisha skrubu ndogo za saa. Mkewe alimtazama muda mrefu. Kalamu ilikuwa mezani. Barua hakuiandika.

*

Kiangazi kilikuja. Kicheko na Mshumaa vilichipua tena kutoka kwenye visiki, kidogo kidogo. Lakini Mpira ulimtia hofu. Majani ya vitunguu vyote saba yaligeuka manjano, yakalala, yakakauka. Hapakubaki kitu juu ya ardhi.

Fundi Saa alisimama na jembe. Alitaka kufukua aone. Akajiuliza, mteja akileta saa iliyosimama, je, naitupa? Hapana. Kwanza naitegea sikio. Akaliweka jembe chini, akapiga magoti, akatenga majani kwa kidole. Alishuka polepole hadi akagusa kitunguu. Kilikuwa kigumu na kizito. Akakifunika.

"Kimekufa?" aliuliza mkewe.

"Kimelala. Na aliyelala hamwagiliwi maji."

Pale penye Mpira hakumwaga hata tone hadi kiangazi kikaisha.

Mvua ya kwanza ya mwaka mpya ilinyesha siku ya Jumatatu. Jumanne ilifika barua ya binti yao. "Mama, likizo yangu inaanza mwisho wa mwezi. Nakuja kukuchukua. Niandikie tu nije na gari dogo au kubwa, kulingana na mizigo yako."

Mama alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalipangusa vumbi. Hakulifunga, hakulifungua. Fundi Saa aliliona, akaenda karakana. Alifungua saa moja mara tatu na kuifunga mara tatu.

Jumatano hapakuwa na kitu. Alhamisi hapakuwa na kitu. Wiki ikapita. Kinyozi alichungulia, akaona uso wa jirani yake, akaondoka bila kusema neno. Hilo lilimtisha Fundi kuliko utani wote.

Siku ya tisa, asubuhi, mkewe alikuwa wa kwanza kuona.

"Mzee," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo. Usikanyage."

Katikati ya majani makavu ya mkungu palitokeza ncha nene, nyekundu, kama kidole cha mtoto kinachosukuma shuka. Hatua moja pembeni palikuwa na nyingine. Fundi Saa alihesabu kimoyomoyo. Nne. Kesho yake sita.

Siku ya kumi na tatu ua la kwanza lilifunguka. Lilikuwa duara kamili, limetengenezwa kwa maua madogo mengi mno, kila moja jembamba kama mkono wa saa. Lilikaa juu ya shina lake kivulini likawaka, jekundu, bila msaada wa jua. Mwisho wa wiki yalisimama sita. Kitunguu cha saba kilitoa majani tu.

"Huyo ni mvivu kama shemeji yako," alisema mama.

Kisha Kicheko kikafungua maua yake ya rangi ya waridi kandokando ya bomba. Mshumaa ulikuwa umefika kiunoni, na vipepeo walianza kupita kuukagua. Watu walikuja kutazama. Dobi alikuja na mkewe. Alionyesha majani chini ya maua na kumwambia, "Yale pale ni yangu." Mama alitoka nje kwa gongo lake, jambo ambalo hakulifanya kwa mwaka mzima, akakaa kwenye kigoda chini ya mkungu. Alieleza kila aliyefika. Alieleza saa za jua, shimo la maji, kidole na blanketi. Aliamuru pia, kama jikoni enzi zake. "Wewe, toa mguu. Wewe mwingine, nawa mikono."

Kinyozi alikuja wa mwisho. Alizunguka, akajikuna kichwa.

"Fundi, nyuma ya duka langu nako kuna giza tupu."

"Una saa?"

"Ninayo."

"Basi kapime jua kwanza, ndipo uje. Na uje kwa wakati. Wewe hufungua saa mbili na dakika nane."

*

Siku iliyofuata mama aliketi dirishani akaandika barua. Fundi Saa alijifanya anatafuta koleo lake dogo chumbani. Alilitafuta kwa nusu saa. Lilikuwa mfukoni mwake.

"Chukua usome, usije ukapasuka," alisema mkewe.

Alivaa miwani. Mstari wa kwanza ulisema, "Mwanangu, njoo na gari kubwa."

Alitazama sanduku pembeni ya kitanda. Alitaka kurudisha karatasi, lakini alikuwa mtu wa kumaliza kazi, akaendelea kusoma.

"Njoo na gari kubwa, kwa sababu utarudi na miche. Sanduku langu nimelijaza mbegu na vijiti vya Mshumaa. Mimi siendi popote. Chumba chako kizuri kifanye cha kusomea. Kabla hujaja, pima nyuma ya nyumba yako jua linaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Usifagie majani. Baba yako atakueleza sababu, yeye anaijua kuliko wote. Udongo ninaoutazama sasa umeiva."

Fundi Saa alivua miwani, akaipangusa. Akaipangusa tena.

"Hujatia tarehe," alisema.

"Iandike wewe, kisha uifunge barua. Mikono yako ndiyo ya vitu vidogo."

Aliandika tarehe. Alikunja karatasi mara tatu, kingo sawa kwa sawa, akaitia ndani ya bahasha. Alipaka tone moja la gundi kwa kijiti chake cha kupaka saa mafuta, akabana kwa kidole gumba, kidole kile kile chenye udongo kwenye ukucha. Kisha akatia kibao mlangoni, akatembea katikati ya barabara, kifua mbele, akisalimia kila mtu. Mbele ya sanduku la posta aliisoma anwani mara moja, akaitumbukiza barua, akasikia ikigusa chini.